Jinsi Tulivyopata Kuitwa Mbiti

Jina langu Boniventura Mbiti. Haya, cheka kwanza, umalize. Mbiti ni fisi kwa Kisukuma, na wewe si wa kwanza kucheka. Mtu akiitwa Shimba, yaani simba, watu wanamtazama mabega. Akiitwa Mhuli, tembo, wanamsogezea kiti. Mimi nikitaja langu wanasogeza nyama.

Mwenzangu mmoja tuliyemaliza naye darasa la nane aliniambia, "Badili, bwana. Umebatizwa wewe. Weka mtakatifu mbele, weka na mtakatifu mwingine nyuma, nani atakujua?" Kweli ningeweza. Mbiti si jina la ukoo wetu wa zamani. Halijatimiza hata miaka mitatu. Najua uwanja lilipozaliwa, namjua aliyelizaa na aliyelilea, na namjua liliyemuua. Lilimuua bibi yangu Nyamizi, mama yake baba. Nitakueleza, lakini nitakwenda mbio, maana mimi kukaa na jambo hili muda mrefu siwezi. Na kukaa kwenyewe siwezi.

Baba yangu Nkinda alikuwa ningi. Kwetu Bariadi ukisema hivyo umemaliza, lakini labda wewe unasoma uko Tanga huko. Ningi ndiye mtunga nyimbo na kiongozi wa ngoma. Mavuno yakiisha, Wasukuma tunagawanyika: Wagika huku, Wagalu huku, kila upande na ningi wake na dawa zake. Wanacheza uwanja mmoja, wakati mmoja, kila kundi linapiga lake, na watazamaji ndio hakimu. Wakihamia kwako umeshinda. Wakikukimbia, ukabaki unacheza na vumbi lako, chukua ngoma yako nenda kalime.

Na silaha yenyewe ni tusi. Ningi wa upande wa pili atakuimba wewe, mkeo, ng'ombe zako, choo chako. Sasa hapa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo kila kitu kilipoharibika: ningi hakani. Ukitukanwa ukasema "si kweli, mimi siko hivyo," umekwisha, hata watoto watakuzomea. Tusi ulilotupiwa unaliokota, unalivaa, unacheza nalo mpaka aliyelitupa aone wivu. Umeitwa mwizi, unaimba jinsi ulivyoiba mpaka kivuli cha mtemi. Ndivyo ilivyo. Hakuna mtu anayekwenda kumkamata ningi kwa wizi wa kivuli.

Mpinzani wa baba alikuwa Salu, ningi wa Wagika, na alikuwa jirani yetu. Mji wake uko ng'ambo ya kijito, ukisimama kwenye minyaa ya boma letu unaona moshi wake. Walichunga pamoja utotoni. Siku zisizo za ngoma walikuwa wanakunywa pombe chungu kimoja na kukosoana nyimbo. "Ule mstari wako wa mwisho umechechemea," Salu atasema. "Umechechemea kwa sababu ulikuwa umembeba mkeo," baba anajibu. Halafu wanacheka mpaka wanakohoa.

Mwaka wa 1955, mwezi wa sita, walikutana Lalago. Mimi nilikuwa nimemaliza shule Desemba, niko nyumbani nasubiri sijui nini, nazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Nikaenda kutazama. Watu walikuwa wengi, wametoka mpaka Shishiyu, vumbi linafunika jua. Tangu asubuhi hakuna aliyeshinda. Watu wanakwenda kwa Salu, wanarudi kwa baba, wanakwenda tena. Ndipo Salu akasimamisha ngoma zake, akanyoosha usinga kumwelekea baba, akaimba. Ninaweka kwa Kiswahili, kwa Kisukuma inauma zaidi:

*Nkinda, Nkinda, kwenu habweki mbwa,*
*kwenu mlangoni amefungwa mbiti.*
*Mama yako anaamka na umande miguuni,*
*mwulizeni alilala wapi,*
*mwulizeni alipanda nini.*

Lo! Uwanja ulilipuka. Kwetu kila mtu anajua mchawi anasafiri na fisi. Anawafuga, anawakama, anawapanda kama punda. Salu alikuwa amemwita bibi yangu mchawi mbele ya nusu ya nchi, na watu wanashika mbavu, wanamkimbilia yeye. Upande wa baba walibaki wapiga ngoma na mimi na ng'ombe mmoja aliyepotea.

Nilimtazama baba. Alikuwa anatabasamu. Ninalijua lile tabasamu, ni la mtu aliyeona senti chini na hataki wenzake waone. Akapiga njuga zake chini mara moja, ngoma zikanyamaza, akainama, akatembea kwa miguu minne, makalio chini, kichwa kinayumba, fisi kabisa, nakwambia, mpaka mtoto mmoja akalia. Akaimba:

*Ndiyo, mimi mbiti, mwana wa mbiti!*
*Mama aliwakama, nikanyonya maziwa yao,*
*ndiyo maana meno yangu yanavunja mfupa.*
*Salu, mama akipita kwenu na kundi lake,*
*usihesabu mbuzi, Salu, usihesabu mbuzi,*
*asubuhi uhesabu watoto.*

Ungeona watu walivyogeuka. Walikuja kama maji ya mto Simiyu mwezi wa tatu. Wanawake wanapiga vigelegele, vijana wanatembea kwa miguu minne. Hata Wagika walikuja. Salu mwenyewe alisimama, akatikisa kichwa, akacheka, akaweka usinga wake chini. Baada ya ngoma alimshika baba begani, nilisikia kwa masikio yangu: "Umeniua leo, mbiti we."

Ndiyo mara ya kwanza. Salu ndiye aliyeanza kutuita hivyo. Njia yote ya kurudi watu walikuwa wanaita, "Mbiti! Mbiti huyo anapita!" na baba anajibu kwa kucheka kama fisi. Tulifika nyumbani jina limetutangulia.

Bibi alikuwa anatusubiri mlangoni. Bibi Nyamizi alikuwa mfupi, mkavu, na macho mekundu. Sasa usianze, macho mekundu si uchawi. Bibi wote kwetu wana macho mekundu. Miti imekwisha, tunapikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, na moshi wake ukiupata tangu usichana, hata wewe macho yako yatakuwa pilipili.

"Ng'wanawane," akamwambia baba, yaani mwanangu, "nasikia umenipandisha fisi."

"Ngoma tu, mama."

"Na miguu yangu hii? Si ungenipa hata punda."

Tulicheka sana siku hiyo. Bibi alilipenda lile tusi kuliko sisi wote. Watoto wa jirani walikuwa wanakuja kumchokoza, "Bibi, fisi wako wako wapi?" naye anawajibu bila kuinua uso kwenye jiwe la kusagia, "Wamekwenda kuchunga. Jioni njooni mnisaidie kukama." Watoto wanakimbia wanapiga kelele za raha. Mama yangu, Nyanjige, hakupenda. Alisema, "Mama mkwe, maneno mengine hayafai kuwekwa mdomoni hata kwa kuonja." Bibi akamwambia, "Mdomo wangu umebaki na meno mawili, uache uchezee."

Mwezi wa nane surua ikaingia.

Surua unaijua. Iliingia nyumba kwa nyumba, waliobatizwa na wasiobatizwa. Kwetu mdogo wangu Domitila aliugua, akavimba macho, akapona. Kwa Salu aliugua Mhoja, mtoto wake wa kiume, ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kupiga mluzi, alikuwa anatutia wazimu na ule mluzi wake usiotoka. Akafa. Kabla msiba haujaisha akafa na mdogo wake wa kike aliyekuwa bado ananyonya.

Salu aliamka asubuhi akahesabu watoto.

Baba alikwenda msibani mara ya kwanza, akakaa na wanaume. Mara ya pili alipokwenda hakuna aliyemsogezea kigoda. Akasimama kidogo, akarudi. Alikaa kwenye zizi akawa anamtoa kupe ng'ombe mmoja mpaka ng'ombe akachoka.

Halafu tukasikia Salu amekwenda kwa mganga. Mimi sikuwepo, nasema yaliyosemwa. Mganga alipasua kuku, akamtazama ndani, akasema, "Aliyefanya jambo hili alikwisha kulisema." Basi. Hakutaja mtu. Kuku wa waganga siku zote wana habari za gulio. Lakini Salu hakuhitaji kutajiwa.

Tangu siku hiyo mji wetu ukatengwa. Kwetu ukitengwa hakuna anayekupa moto, hakuna anayekupa chumvi. Mama alikwenda kisimani, wanawake wote wakainua vyungu vyao wakaondoka, wengine havijajaa. Niliwasalimu watu "Mwangaluka!" njiani na wakapita kama nimesalimu kichaka. Na watoto hawakuja tena kwa bibi. Alikuwa anasaga, anainua uso, anatazama njia.

Nikamwambia, "Bibi, twende Nassa. Mjomba Marcelo yuko huko anauza samaki, ana nyumba. Nitakupeleka mimi mwenyewe, kesho."

"Na michembe yangu, viazi vyangu hivi, ataanika nani?"

"Bibi, michembe!"

"Boni, mtu akikimbia wanasema aliona haya. Na miaka yangu yote hii niende kufa nanuka samaki?" Akanipiga kofi dogo la shingo. "Wewe ndiye unayetaka kuondoka. Ondoka wewe. Usinifanye mimi mzigo wako wa safari."

Alikuwa amenijua. Kweli nilikuwa nataka kuondoka. Lakini nilitaka kuondoka naye, hilo naapa.

Mwanangwa wetu, ndiye kiongozi wa kijiji chini ya mtemi, alikuwa anaitwa Sayi. Mtu mpole, mnene, asiyependa kelele. Akaita baraza. Tulikwenda baba na mimi. Salu alikuwa amekaa na ndugu zake wawili, amenyolewa kichwa, amekonda. Nilitegemea atamtukana baba. Hakumtukana. Hilo ndilo lililoniogopesha.

Sayi akasema, "Nkinda, mimi sitaki mambo ya bomani na askari. Mambo ni mepesi. Ulisema neno Lalago. Sema ulidanganya, tunywe maji ya kupatana, kila mtu aende kwake."

"Mwanangwa," baba akasema, "ile ilikuwa ngoma. Salu, mwambie. Wewe ndiye uliyetunga! Fisi ni wako, si wangu! Ulimtoa wapi mbiti yule?"

Salu akamgeukia baba. Akasema polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu, "Ni kweli. Nilitunga. Nilikuwa nimekaa chooni nikatunga, nikacheka peke yangu. Mama yako sikuwahi kumwona na fisi, sikuwahi kusikia. Nilitunga uongo, Nkinda. Lakini wewe ukakubali."

"Ningi hakani! Unajua ningi hakani!"

"Ukakubali, na ukanitajia watoto. Mimi sikukutajia watoto."

Hata mimi niliyesoma, niliyefundishwa surua inatoka wapi, sikuona pa kuwakosoa. Maana kwa hesabu yao ilikuwa imenyooka kama kamba ya kupimia shamba. Mmoja kadanganya, mwingine kakiri. Aliyekiri ndiye mwenye kosa.

Baba akasema, "Nitakana."

Ndugu zake Salu wakainua vichwa. Sayi akashusha pumzi, "Haya. Kana."

"Si hapa. Nilikubali mbele ya watu wote, nitakana mbele ya watu wote. Gulioni. Nitakana kwa wimbo, ili waliousikia ule wausikie na huu."

Sayi alimtazama Salu. Salu akaitikia kwa kichwa. Yeye naye ningi, alielewa. Ndugu zake hawakuitikia. Nililiona hilo. Waliinuka, wakapangusa makalio, wakaondoka bila kuaga.

Njiani nilimwambia baba, "Rudi. Rudi sasa hivi useme. Maneno mawili tu: nilidanganya. Tumemaliza."

"Nyie watu wa shule mnafikiri neno ni neno," akasema. "Neno lililochezwa halifutwi na neno lililokaa."

Basi akaanza kutunga. Mchana kutwa alikaa nyuma ya zizi akitunga. Mimi nilikuwa napitapita upande wa pili wa minyaa, namsikia. Anaimba mstari, anauacha. Anauimba tena, anabadili neno moja, anatukana, anaanza upya. Mama alimpelekea ugali ukapoa. Kuna mara moja nilimsikia anacheka mwenyewe kwa furaha, amepata neno. Nikataka kumpiga jiwe. Kweli nakwambia, niliinama nikaokota jiwe. Halafu akaimba ubeti wote kutoka mwanzo, nami nikabaki nimesimama na jiwe langu mkononi, maana ulikuwa wimbo mzuri kuliko zote alizowahi kutunga. Nimeushika mpaka leo:

*Mama yangu alipanda nini?*
*Alipanda viazi, akapanda mtama.*
*Alifuga nini mama yangu?*
*Alifuga mimi, mwenye mdomo huu.*
*Salu, watoto wako niliwabeba mgongoni,*
*mbiti ni ulimi wangu, mfungeni yeye.*

Siku ya gulio bibi aliamka mapema. Viazi vyake alikuwa ameshavikata na kuvianika juu ya mwamba ulio nyuma ya mji wetu, ule mpana, ambao jua linaupata wote. Michembe inatakiwa igeuzwe, upande mmoja ukikauka unageuza wa pili. Baba alikuwa amejipaka mafuta, amevaa njuga. Akamwambia, "Mama, leo twende wote. Usimame pale wakuone."

"Tangulieni. Nigeuze kwanza, nitakuja na Nyanjige."

Na sisi tukatangulia. Mimi nilibeba ngoma.

Gulioni watu walitupisha njia pana sana, ungedhani tumebeba maji ya moto. Wauza kunde walihamisha kunde zao. Baba akasimama katikati. Watu walikuwa bado wachache, wengine wanakuja. Nikamwambia, "Baba, anza."

"Wajae kwanza."

"Anza!"

"Boni, wimbo hauimbiwi kuku."

Akasubiri. Wacha nikwambie, mimi nimesubiri vitu vingi maishani, matokeo ya mtihani, lori la pamba, lakini sijawahi kusubiri kama vile. Watu wakaja, wakaja, wakafanya duara mbali. Sayi akaja na kiti chake. Salu akaja, peke yake. Nilitafuta ndugu zake kwa macho, nikazunguka duara lote. Hawakuwepo.

Nikasema, "Baba, ndugu zake Salu."

Hakunisikia. Alikuwa ameshainua mkono, ndiyo kwanza amefungua mdomo, *Mama yangu*, mimi nikapiga ngoma mara moja, na nikamwona Salu. Hakuwa anamtazama baba. Alikuwa amegeuza shingo anatazama mwamba wetu, kule juu. Yowe lilikuwa bado halijapigwa. Ndipo likapigwa. Sauti ya mama yangu.

Tulikimbia. Baba na njuga zake, zinalia njia nzima kama tunakwenda kucheza.

Sitaeleza panga linafanya nini. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya mwamba, kitenge kimemfunika kichwa, mama ndiye aliyemfunika. Nilichokitazama mimi ni michembe. Nusu ya mwamba ilikuwa imegeuzwa, imepangwa safu vizuri, upande mweupe juu. Nusu nyingine bado. Alikuwa amefika katikati. Na mstari wa mwisho aliogeuza haukuwa umenyooka, kwa hiyo aliwaona wanakuja, akaendelea kugeuza upesi upesi. Au labda hapana. Sijui. Labda viazi tu viliteleza.

Baba alikaa chini akaanza kufungua njuga. Hazikufunguka. Nikamfungulia mimi.

Waliokuja kuzika walikuwa Sayi, mjomba Marcelo kutoka Nassa, na wazee wachache wa Wagalu, wakasimama mbali. Salu hakuja.

Askari wawili walikuja kutoka bomani, wakauliza nani ameona. Hakuna aliyeona. Mama alikuwa ndani anajiandaa, alipotoka walikuwa wameshakwenda. Wengine wote walikuwa gulioni, kila mtu alikuwa na mwenzake wa kumshuhudia, hata ndugu zake Salu, eti wao walikuwa wanapeleka ng'ombe kunywa maji, na ng'ombe hawasemi. Askari mmoja akamgeukia baba, anataka kumaliza kazi.

"Jina lako?"

"Nkinda."

"Nkinda nani? Jina la pili."

Baba alikuwa na jina la baba yake, lenye heshima, la kale. Akasema, "Mbiti."

Mama alishika mdomo. Mimi nikasema, "Baba, hilo ni jina la ngoma."

"Si ndilo walilolichukua kuwa kweli?" akasema. "Wamemwua kwa hilo. Basi wote watakaoniita waseme hilo. Andika, afande. Nkinda Mbiti, mwana wa Nyamizi."

Na hakurudi nyuma tena. Kwenye kituo cha pamba alimwambia karani hivyohivyo. Nilikuwepo. Foleni ilikuwa ndefu, Salu yuko mbele yetu kidogo na magunia yake. Karani, kijana mgeni wa Mwanza asiyejua kitu, akapaza sauti, "Mbiti! Nani Mbiti?" Foleni yote iligeuka kututazama. Baba akaitika, "Mimi." Akapita mbele ya Salu, karibu kabisa, bega kwa bega. Salu alikuwa anatazama mizani. Ilikuwa tupu.

Baba hakuimba tena. Wagalu walikuja kumbembeleza, wakaleta pombe, wakasema ngoma inakufa. Aliwasikiliza, akawapa pombe yao wakarudi nayo. Njuga ziko juu ya dari mpaka leo. Na michembe? Mama aliikusanya yote, iliyogeuzwa na ambayo haikugeuzwa, akaitia ghalani, akasema haitaguswa. Mwaka uliofuata mvua zilichelewa. Tuliila. Ulitaka tufanye nini? Ilikuwa mitamu kama ya siku zote, ndilo jambo baya.

Mimi niliondoka, kama bibi alivyosema. Nilikwenda Nassa kwa mjomba Marcelo, nikawa nabeba samaki kutoka ziwani mpaka kwa wachuuzi. Huko nilijiita Boniventura Nkinda. Ndiyo, nililiacha. Nilitaka kula samaki wangu kwa amani.

Sasa jioni moja, jua bado lipo, tumemaliza kushusha, tumekaa mchangani tunakula, vijana wavuvi wakaanza kuchezacheza. Mmoja wao, Severine, kijana mzuri tu, mcheshi, akainama akatembea kwa miguu minne, makalio chini, kichwa kinayumba. Akaimba, *Ndiyo, mimi mbiti, mwana wa mbiti.* Wote wakaitikia. Wanaujua wote. *Usihesabu mbuzi, usihesabu mbuzi.*

Nikaweka samaki wangu chini.

"Wimbo wa wapi huo?" nikauliza.

"Wa huko kwenu bara, bwana, wewe huujui?" Severine akasema. "Alikuwepo bibi mmoja Bariadi, mchawi haswa. Anafuga fisi kundi zima. Mwanaye akamtangaza mwenyewe kwenye ngoma! Wakamkata. Wanasema fisi walilia siku saba."

"Hakuna fisi aliyelia," nikasema.

"Wewe ulikuwepo?"

"Alikuwa anaanika michembe. Ni bibi yangu. Aliyetunga huo wimbo ni baba yangu, na alikuwa anacheza, na siku waliyomwua bibi alikuwa amesimama gulioni anataka kukana."

Aliyekaa karibu yangu alisogeza bakuli lake. Kidogo tu, kama mtu anayesogea kwa sababu ya mchanga. Severine hakusogea. Alisema, "Pole, ndugu." Halafu akasema, "Alitaka kukana vipi?"

Nikawaimbia. Sina sauti, lakini niliwaimbia wote, *mama yangu alipanda nini*, mpaka *mfungeni yeye*. Ni mara yake ya kwanza kuimbwa mbele ya watu. Walisikiliza vizuri. Severine alijaribu kuupigia makofi, akatafuta mahali pa kuingiza mguu, akajaribu tena, akaacha.

"Mzuri," akasema. Nilimwona anasema kweli. "Ila hauchezeki."

Baadaye walipokuwa wanavuta mtumbwi nchi kavu niliwasikia wameanza tena ule wa kwanza, kwa sauti ya chini, kwa kunionea haya, lakini mtumbwi mzito unataka wimbo.

Asubuhi yake nilikwenda kwa tajiri wa samaki kuchukua mzigo, akauliza jina, maana alikuwa amenisahau. Nikamwambia lote, Boniventura Mbiti. Akacheka. Nikamsubiri amalize.